Mwano wa Igulambiti

Sogeeni. Aliyekalia mkeka wa mwenzake ampishe, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana nikianza sikatizwi. Nina fundo hapa mkononi. Nimelibeba siku nyingi, kucha zimeniisha kwa kulifungua, na leo nawatupia ninyi. Watoto sikilizeni. Nanyi watu wazima acheni kujifanya mnaujua mwisho, kwa sababu mwisho wake hata mimi sina.

Palikuwa na watu wanne, kila mmoja na kipawa chake.

Machano, mtu wa Pemba, kipawa chake kilikuwa macho. Gari lao lilibeba rada mgongoni, sinia kubwa lililozunguka mchana kutwa likitafuta mawingu, na picha ya mawingu yale ilitokea kwenye kioo kidogo ndani ya gari. Wewe na mimi tungeona madoa ya kijani na mekundu tukasema ni kitenge. Machano aliona mvua iliko, upepo uliko, na nani atalia jioni.

Lusajo, mtu wa Tukuyu, kipawa chake kilikuwa mikono. Ndiye dereva. Mbuga ya udongo mweusi ikinyeshewa hunasa hata trekta, lakini Lusajo aliipita huku akipiga mluzi, usukani ukimtii kidoleni.

Nyanzobe, binti wa Kisukuma, kipawa chake kilikuwa hesabu. Mpe kasi ya upepo, joto la ardhi na mwelekeo wa mto, atakuambia wingu litapita wapi. Alipiga hesabu zake kwa kalamu ya wino mgongoni mwa mkono wa kushoto, na mkono ule haukupata kuwa msafi tangu amalize chuo.

Wa nne alikuwa Minza, mama yake Nyanzobe. Huyu hakukanyaga darasa hata siku moja. Kipawa chake kilikuwa koo. Akimwita mbuzi wake jioni, mbuzi wa jirani nao walirudi.

Watatu wa kwanza walikuwa na kazi moja, kazi ambayo mtu hawezi kumweleza mkwewe akaeleweka: walifukuza upepo. Wenzao wakiona wingu jeusi hukimbilia nyumbani, wao waliwasha gari wakalifuata lilipo. Kisulisuli mnakijua, kile kidogo kinachoiba kanga kwenye kamba. Basi katika nyanda zile, vuli inapoingia na joto likapanda, mara mojamoja hushuka kisulisuli kikubwa kutoka kwenye wingu lenyewe, kirefu, cheusi, kikivuma, na kinapogusa hakiachi bati juu ya nyumba. Watu wa huko hukiita Mkia.

Walikuwa na pipa la chuma la rangi ya chungwa, zito kama mifuko miwili ya saruji, limejaa vipimo. Pipa lile lilitakiwa liwekwe chini mbele ya Mkia, Mkia upite juu yake, nalo liandike tabia zake zote. Likiandika mara moja tu, watu wangeweza kuonywa saa nzima kabla, badala ya dakika kumi. Misimu mitatu walilibeba. Misimu mitatu Mkia uliwapiga chenga.

Nyanzobe hakuifanya kazi ile kwa kutafuta cheo. Alizaliwa Igulambiti, kijiji kilicho katikati ya nyanda hizo, na mama yake aliishi huko bado, nyumba ya bati jirani na kinu cha zamani cha kuchambua pamba. Kila alipolitazama lile pipa aliliona paa la mama yake.

Yapo mambo mawili lazima myajue kabla hatujaenda mbele.

La kwanza ni mwano. Kwao, mwano ni yowe la hatari. Mwizi wa ng'ombe akiingia, wa kwanza kumwona hupaza sauti, na kila asikiaye huacha alichoshika na kukimbilia sauti ilipo. Nasema kukimbilia, si kukimbia. Asiyekwenda hutozwa faini na sungusungu, wale walinzi wa jadi, na kuna kibaya zaidi ya faini: siku yake ikifika, naye hatakimbiliwa na mtu. Anayepiga mwano naye ana sharti lake. Mwano haukatizwi. Sauti ikinyamaza, walio njiani hudhani mambo yamekwisha wakarudi makwao.

La pili ni simu ya Minza. Ilinunuliwa na bintiye, naye akaitia kamba na kuivaa shingoni. Kupokea alijua. Kukata hakujua, wala hakutaka kujifunza, alisema kumkatia mtu ni utovu wa adabu. Mazungumzo yakiisha aliiachia tu ikaning'inia kifuani, akaendelea na shughuli zake. Na Nyanzobe naye hakukata upesi. Huko porini alikokuwa, alibaki sikio likiwa kwenye simu, akisikia kuku wa mama yake, mchi kwenye kinu cha mtama, na mama akijisemea peke yake. Muda wa maongezi uliisha hivyo kila mwezi, naye hakujuta.

Haya. Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa kumi na moja, saa nane na nusu mchana, joto la kumchosha nzi. Gari lilikuwa ng'ambo ya mbuga. Machano akakiinamia kile kioo, akapiga ukelele.

"Jamani! Hebu njooni mtazame. Wingu limepiga ndoano, limejikunja kule Mkia unakotokea!"

"Linashuka?" akauliza Nyanzobe.

"Linashuka, wallahi. Na njia yake ni moja kwa moja kinamasini, kwa viboko na korongo. Hakuna nyumba hata moja. Leo tunaupata."

Hapa niwaambie ukweli: walifurahi. Lusajo alilipiga pipa kofi mgongoni kama anayempongeza fahali, na Machano mwenye mvi zake akacheza kidogo pale pale. Nyanzobe alicheka, akatoa kalamu, akaanza kujiandika mkononi. Aliandika, akafuta kwa mate, akaandika tena. Kicheko kikamtoka usoni.

"Kaka Machano, Mkia hauendi kinamasini."

"Nimeuona, mdogo wangu."

"Umeuona ulivyo sasa. Mkia ukifika mtoni utakuta maji hakuna, mchanga mtupu, na mchanga una joto la jiko. Utageuka."

"Ugeukie wapi?"

"Kwetu," akasema Nyanzobe. "Igulambiti. Na leo ni gulio."

Machano alimtazama, akakitazama kioo, akamtazama tena. "Miaka thelathini natazama mawingu. Sijaona Mkia ukivuka ule mto." Akakigonga kile kioo kwa kidole. "Lakini na wewe sijakuona ukikosea. Dakika ngapi?"

"Ishirini na mbili."

Redio waliyokuwa nayo ilisikika mjini tu, kwenye kituo chao. Wakaita. Mjini wakajibiwa kwamba onyo sharti liandikwe, lipelekwe kwa mkuu, mkuu atie saini, na mkuu yuko kikaoni. Machano alitukana kwa Kipemba, tusi ambalo sitalitamka mbele ya watoto. Simu nazo, upande ule, zilishika mahali pawili tu: kijijini penyewe, chini ya mnara, na juu ya jabali moja la mawe ambalo wenyeji waliliita Jiwe la Simu. Kulifikia kwa barabara ni dakika arobaini. Kwa kukata mbuga ni saba, kama hukunasa. Na juzi yake mvua ilinyesha.

"Fungeni mikanda," akasema Lusajo.

Akaingia mbugani. Hakupiga mluzi siku ile. Tope jeusi liliruka mpaka juu ya rada, gari likayumba, likanyooka, likayumba tena. Katikati ya mbuga magurudumu ya nyuma yakaanza kuzama. Lusajo alitazama kioo cha pembeni, akaliona pipa. Hakuuliza mtu. Alishuka, akazunguka nyuma na kisu, akazikata kamba, akalisukuma lile pipa la misimu mitatu likaanguka topeni kwa kishindo. Gari likainuka. Akarudi kwenye usukani na tope mpaka magotini, akaendesha mpaka jiweni.

Nyanzobe alipanda lile jabali kwa mikono na miguu. Kutoka juu aliuona Mkia wote. Ulikuwa umeshashuka, mwembamba chini na mnene juu, unaelekea mtoni. Kijiji kilikuwa mbali kidogo, lakini aliweza kuona mabati yakimeta na turubai za gulio, buluu na nyeupe. Zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili, akampigia mwenyekiti wa kijiji. Simu imezimwa. Akampigia mwenye duka. Simu inaita, haipokelewi: ilikuwa kwa fundi wa kuchaji, kwenye foleni ya simu za gulio zima.

Na hata kama wangepokea? Ukiwaambia watu wa gulioni kwamba unakuja upepo, watafunga turubai vizuri na kuendelea kupunguziana bei. Nyanzobe aliwajua watu wake. Kulikuwa na kitu kimoja tu cha kuwatoa pale. Akampigia mama yake.

"Mama. Uko wapi?"

"Niko nyumbani, mwanangu. Umekula?"

"Mama, nisikilize. Nenda kwenye kinu sasa hivi. Simama kwenye jukwaa la kupakilia marobota, pale juu, upige mwano."

"Wezi?"

"Upepo. Mkia unakuja, mama. Wakifika, waingize wote kwenye shimo la mashine, chini."

"Mwano haupigwi kwa upepo, Nyanzobe. Hujawahi kuusikia, wala mimi. Wakija wasipokuta mwizi, wataniita mwongo mpaka nife."

"Waache wakuite. Mama, nakuomba. Napaona hapo kutoka hapa nilipo, nauona na Mkia wenyewe."

"Basi," akasema Minza. "Kama umeuona wewe, nimeuona mimi."

"Na usinyamaze! Usinyamaze mpaka wa mwisho aingie."

"Hilo unanifundisha mimi?" akasema mama, karibu na kucheka. Akaiachia simu kifuani.

Nyanzobe hakukata.

Alisikia pumzi za mama yake akitembea haraka. Alisikia kandambili zikipanda ngazi za zege. Kisha likaja lile yowe. Kwenye simu lilipasua sikio, na baada ya muda mfupi Lusajo aliyekuwa chini ya jabali akainua kichwa, kwa maana lilikuwa limewafikia hata kwa njia ya hewa, dogo, la mbali, haliyumbi.

Gulio likavunjika. Kutoka juu waliona turubai zikibaki peke yazo na watu wakimiminika kuelekea kinuni. Kwenye simu ikasikika miguu mingi, na sauti za wanaume wenye marungu.

"Wapi? Wapi wezi?"

"Wameelekea upande gani, mama?"

Minza hakuweza kuwajibu, kwani mwano haukatizwi. Aliwaonyesha kwa mkono tu, chini, shimoni. Mmoja alisema huyu bibi amerukwa na akili. Mwingine akasema mnamtia nani shimoni mchana huu? Kisha mtu akageuka, akaona kilicho nyuma yao, na kuanzia hapo hakuna aliyeuliza tena. Nyanzobe alisikia mlango wa chuma ukigonga, watoto wakilia, mtu akiita jina la mkewe. Akalisikia yowe juu ya yote. Koo lilikuwa limeanza kukwaruza. Halikukoma.

"Wameingia," akasema Machano, ambaye alikuwa amepanda naye akiwa na darubini. "Uwanja mweupe. Wameingia wote, mwambie naye aingie."

"Mama!" akapiga kelele Nyanzobe. "Mama, ingia! Yatosha, ingia ndani!"

Lakini simu ilikuwa kifuani, na mama alikuwa akipiga mwano kwa nguvu zake zote, na hakuna mtu duniani anayeweza kusikia kitu huku akipiga mwano. Nyanzobe alirudia. Alirudia mpaka sauti yake mwenyewe ikapasuka. Lusajo alikimbilia gari, akaliwasha, akalizima, kwa sababu hata yeye alijua kwamba dakika mbili hazitoshi kwa safari ya dakika tisa. Alibaki ameshika usukani wa gari lililosimama.

Hapo ndipo Nyanzobe alipoliona kosa lake. Alikuwa amemwambia mama asinyamaze mpaka wa mwisho aingie, na hakumwambia kwamba baada ya hapo naye aingie. Mahali pengine popote isingehitaji kusemwa. Kwao, mpiga mwano ndiye aliyevamiwa, watu huja kwake, na tangu mababu hakuna aliyemfundisha namna ya kukimbia. Na nani angemwambia wa mwisho ni yupi, yeye aliyesimama juu akiita?

"Bado yuko mtu," akasema Machano taratibu. "Mwanamke. Anatoka shamba la pamba. Anatembea vibaya."

Mkia ulikuwa umekwisha kuvuka mto. Ulipita mbugani, ukapanda kijijini. Kwenye simu yowe likaendelea, na nyuma yake mvumo, na mvumo ukakua mpaka vikawa kitu kimoja. Nyanzobe hakuweza tena kujua lipi ni la mama yake. Akaona kwa macho yake paa la nyumba yao likiinuka zima zima. Kisha simu ikawa kimya, kimya kile cha simu isiyokatwa.

Hakuikata. Aliishikilia sikioni saa nzima, mpaka chaji yake yenyewe ilipokwisha. Machano alikaa karibu naye juu ya lile jabali, na hakujua la kufanya na mikono yake.

Watu mia tatu na zaidi walitoka shimoni wakiwa hai. Gulio halikuwepo tena. Mabati yalikutwa yamejikunja kwenye miti ya mashamba ya mbali. Minza walimpata nyuma ya kinu, simu bado shingoni. Yule mwanamke wa mwisho aliitwa Sayi, mke wa Masunga muuza nyanya. Alikuwa na mimba ya miezi tisa, ndiyo maana alichelewa, na mle mle shimoni, juu ya magunia ya zamani ya pamba, alijifungua mtoto wa kike. Siku ya pili Lusajo na Machano walikwenda mbugani kulitafuta pipa. Walilikuta pale pale lilipotupwa. Mkia ulikuwa umepita juu yake, na pipa lilikuwa limeandika kila kitu. Walichokitafuta misimu mitatu walikipata siku walipokitupa. Machano alisoma karatasi ya vipimo vyake akalia, na hakikuwa kilio cha furaha.

Siku ya tatu watu walikutana kwenye matanga, uwanjani mbele ya kinu, juu ya magunia. Na hapa ndipo fundo linapokaza.

Igulambiti wana desturi. Kila mwano una mwenyewe. Mwenye mwano ni yule ambaye jambo ni lake: ng'ombe wake wameibiwa, nyumba yake imevamiwa. Watu wakipona, shukrani zote ni zake, na mtoto akizaliwa siku hiyo hupewa jina lake. Lakini mtu akifa kwa ajili ya mwano, ni huyo huyo mwenye mwano anayesimama mbele ya wafiwa na kusema, "Huyu amekufa mikononi mwangu." Anayepokea asante ndiye anayepokea na kilio. Havitenganishwi.

Mtemi wa sungusungu, mtu mfupi aitwaye Luhende, akasimama. "Mwano huu haukuwa na ng'ombe wala mwizi. Mtoto wa Masunga hana jina, na marehemu wetu hajasemewa. Mwano huu ni wa nani?"

Masunga, baba wa mtoto, akasema, "Ni wa aliyeona. Mzee Machano asingeliona lile wingu, mwenye hesabu angehesabu nini, na dereva angekimbilia wapi? Mwanangu aitwe Machano."

"Mtoto wa kike?" akauliza mtu, na matangani mle watu wakacheka kidogo, kama watu wanavyocheka matangani.

Machano akasimama. "Niliona nini, mwanangu? Niliona kinamasi. Mngeniachia mimi na macho yangu, ningekuwa nacheza mpaka mnakufa. Lakini kama kuna wa kusema amekufa mikononi mwangu, nitasema mimi. Nimeishi vya kutosha."

Muuza dagaa mmoja akasema, "Ni wa dereva. Wangeona, wangehesabu, kisha wakanasa mbugani na siri yao. Yeye ndiye aliyeitoa topeni. Na Lusajo, nasikia kwao hata wasichana huitwa."

Lusajo akasimama, kofia mkononi. "Mama zangu, mimi nilitupa chuma tu. Na nililitupa katikati ya mbuga, si mwanzoni. Nililipenda lile pipa, nikasema labda tutapita nalo. Hapo niliwapotezea dakika mbili. Mnajua dakika mbili zingefanya nini? Nitasema mimi."

Luhende akatikisa kichwa. "Nyote mlileta kuni, lakini moto aliuwasha mmoja. Mwano ni wa aliyeutuma. Binti huyu asingeujua mwelekeo wa Mkia, asingetujua na sisi tulivyo, mama yake angekuwa jikoni na sisi tungekuwa gulioni. Mwenye mwano ni Nyanzobe."

Nyanzobe hakusimama. "Ni kweli," akasema. "Nilimwambia asinyamaze. Sikumwambia aingie." Akavuta kanga usoni.

Aliyefuata kusema ni Sayi, na mtoto mapajani.

"Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilifika kwenye kona ya shamba nikaishiwa nguvu. Nikakaa chini. Niseme kweli, nilikwisha kukata tamaa. Mama Minza aliniona. Mlango ulikuwa hatua tano kutoka alipo, na Mkia ulikuwa nyuma yangu. Alinitazama hapa, usoni, akaendelea kuita. Mlangoni hakutazama hata mara moja. Nikainuka kwa sababu ya sauti ile. Nilipompita aliniacha nipite, na alikuwa bado anaita, kwa kuwa mimi nilijua kwamba ni wa mwisho lakini yeye hakujua. Sikumwambia. Pumzi ya kumwambia sikuwa nayo. Mwano huu ni wake mwenyewe. Hakutumwa na mtu."

"Asiyekuwapo na lake halipo," akasema Luhende, lakini kwa upole. "Tukisema mwano ni wa Minza, nani atasimama mbele ya wafiwa? Atafufuka aje kumwambia bintiye, nimekufa mikononi mwangu mwenyewe?"

Wakabishana hadi alasiri. Mwisho Luhende akamgeukia Nyanzobe.

"Mfiwa ni wewe. Wewe ndiye wa kuambiwa lile neno. Basi chagua mwenyewe uambiwe na nani. Utakayemtaja, mtoto atachukua jina lake na mambo yaishe."

Sayi akainuka, akamweka mtoto mikononi mwa Nyanzobe.

Angalieni alivyobanwa. Akisema Machano, au Lusajo, mmoja wa watu wale wema atabeba kifo cha mama asiyewahi kumwona, na atakibeba bila kinyongo, na hilo ndilo linaloumiza zaidi. Akisema Minza, kijiji kitaimba jina la mama yake kila asubuhi katika nyumba ya Masunga, lakini yeye hataambiwa lile neno na mtu yeyote maisha yake yote, na moyoni hataamini kwamba mama hakutumwa. Akisema Nyanzobe, atasimama mbele yake mwenyewe, mfiwa na mwenye mwano katika mwili mmoja, na kila mtoto yule atakapoitwa kula, atalisikia jina lake likishukuriwa kwa lile agizo lililomuua mama yake. Hesabu zote alizojua hazikumfaa. Mkono wa kushoto ulikuwa bado na wino wa Ijumaa ile, hakuuosha.

Mtoto akafungua kinywa akalia. Lilikuwa koo la ajabu kwa kiumbe cha siku tatu, na mbuzi waliokuwa nyuma ya kinu wakainua vichwa. Nyanzobe akafungua kinywa naye.

Sijui alisema nini. Wengine wanasema alitaja jina kwa sauti ndogo na kilio cha mtoto kikalifunika. Wengine wanasema hakutaja kitu. Ninachojua ni kwamba miezi minane imepita na mtoto yule anaitwa Mtoto, na Luhende bado anangoja, na kule matangani neno lile halijasemwa.

Nimewaletea fundo, na kucha zenu ni ndefu kuliko zangu. Mmoja aliona, mmoja akajua, mmoja akafikisha, mmoja akaita. Umekaa pale juu ya gunia, mtoto yuko mikononi mwako, na watu wamenyamaza wanakutazama mdomo. Je, wewe ungemwita nani?